Tupeane uzoefu: kushusha transfa ya gari ya foowili na kuipandisha nyengine

mtoto_wa_wete

Assalamu alaykum jamaa. Nilipokuwa chini ya gari wiki iliyopita nilitamani nimpate mtu mmoja tu aliyewahi kushusha transfa (lile boksi la nyuma ya giaboksi linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma), aniambie alikwama wapi. Kila niliyemuuliza hapa Wete ameshashusha injini, ameshashusha giaboksi, difu ndiyo usiseme. Transfa wanakwambia "hiyo haifi". Yangu ilikufa.

Gari ni Land Rover Defender ya baba, transfa yake ni LT230, ile ya foowili ya kudumu yenye difuloki ya katikati (ukiifunga, mbele na nyuma zinazunguka sawa). Msimu wa karafuu inapanda na kushuka vilima vya Mtambwe na Shengejuu, msimu ukisha inabeba mawe na saruji. Ishara niliziona mapema sikuzielewa. Nikipima oili, ya giaboksi imepungua, ya transfa imezidi, na chini ya gari hapana hata tone. Nikafurahi kuwa haivuji. Kumbe baina ya giaboksi na transfa pana sili (mpira wa kuzuia oili) kwenye shafti, na ikichoka oili inahama kutoka huku kwenda kule. Giaboksi inakauka, transfa inafurika, na ile ya ziada inatafuta pa kutokea. Kwangu ilitokea sili ya nyuma ikaingia ndani ya dramu ya hendbreki, maana kwenye Land Rover hii hendbreki haiko magurudumuni, iko nyuma ya transfa inakamata propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye magurudumu. Siku gari ilipoondoka yenyewe kwenye mteremko huku nimeshaivuta hendbreki, mdogo wangu alikuwa amesimama mbele yake. Alhamdulillahi iligonga jiwe kabla ya kumfikia. Ndipo nilipolala chini kuitazama, na nilipoimwaga oili ilitoka na chembe za chuma zinazong'aa.

Sasa tulipokosea. Propela zote mbili tulizifungua vizuri (nati zake zinataka spana ya 9/16. Ya 14 haiingii, na ya 15 inakula kona, nimezila mbili). Tulizipiga alama ya rangi kabla ya kuzitoa ili zirudi zilivyokuwa. Kisha kaka akafungua mikono ya pembeni inayoishika transfa kwenye chesi, hatujaweka jeki chini ya giaboksi. Ile mikono ndiyo inayobeba nyuma yote ya injini na giaboksi! Nyuma ikashuka, mbele ikapanda, feni ikagonga kava lake likapasuka. Tungechelewa kidogo tu ingekuwa rejeta.

Kupandisha kulituchukua siku mbili. Mzigo wenyewe ni wa watu wawili, umelala chali, mikono inatetemeka, na meno ya shafti hayataki kuonana. Aliyetuokoa ni mzee jirani, fundi wa mashine za boti. Alitwambia tukate vichwa vya bolti tatu ndefu, tuzikaze kwenye giaboksi ziwe vijiti vya kuongozea, transfa itelezee juu yake. Kisha tia gia, giaboksi na transfa zote mbili, mmoja asukume na mwengine azungushe flenji ya nyuma (pale panapofungwa propela) taratibu. Iliingia hapo hapo. Na sili ile ya baina tulitia mpya, kwa sababu ukiiacha ya zamani utarudi chini ya gari kwa kazi ile ile.

Leteni na zenu, gari yoyote.

fundi_kwerekwe

Kijana, pole na hongera. Mimi niko Unguja, kazi hii naijua. Swali langu: hiyo uliyopandisha imetoka gari gani?

Nauliza kwa sababu LT230 zote kwa nje zinafanana. Ile ya Defender gia kubwa yake ni 1.41, yaani gia ya kuingilia inazunguka mara 1.41 flenji ikizunguka mara moja; ya Discovery ni 1.22. Ya Discovery ukiitia kwenye Defender inaingia bila taabu, bolti zinakubali, mteja anaondoka amefurahi. Kisha anapanda kilima na mzigo, gari nzito, kila mahali anarudi gia moja nyuma. Nilimfungia mtu wa Chake Chake transfa aliyonunua mwenyewe ya mtumba. Wiki ya pili ananipigia simu anasema nimemuharibia injini. Injini haikuwa na kitu. Tulibadilisha nozeli, tukabadilisha chujio, fedha zake zikenda bure, na mimi ndiye niliyepaswa kuipima transfa kabla ya kuifunga. Mpaka leo roho inaniuma.

Namna ya kuipima ikiwa chini: itie gia kubwa, funga difuloki, piga alama ya chaki kwenye flenji. Zungusha gia ya kuingilia uhesabu mpaka flenji izunguke mara 10. Ukihesabu kama 14, ni ya Defender. Ukihesabu 12 na kidogo, ni ya Discovery. Gia ndogo usiihangaikie, ni 3.32 kwa zote mbili.

mtoto_wa_wete

Wallahi hili sikulijua. Yangu muuzaji aliniapia ni ya Defender, na kwenye kilima cha nyumbani naona inapanda kama zamani. Lakini kama ningejua ningehesabu pale pale dukani.

bi_jambiani

Wanangu, mimi si fundi, nina Suzuki Escudo ya zamani na nyumba ndogo ya wageni. Nasema la kwangu kwa sababu huku pwani wengi wanaua transfa kwa njia hii hii.

Dereva wangu alikuwa anaitumia gari kuvuta boti kutoka majini. Wakati wa bamvua maji yanakwenda mbali sana, yakirudi yanarudi mbio, na yeye anaingiza gari mpaka maji yanapita vikombe vya magurudumu. Transfa imetoka barabarani ina moto, inakutana na maji baridi. Hewa ya ndani inajikunja, inavuta, na kama kile kibomba cha kupumulia kiko chini au kimeziba mchanga, inavuta maji ya chumvi kupitia sili. Hakuna aliyejua. Siku fundi alipofungua, oili ilitoka rangi ya chai ya maziwa. Mnyororo wa ndani na beringi zimeshika kutu.

Tulibadilisha nzima. Fundi akaniwekea mpira mwembamba kwenye kibomba cha kupumulia, akaupandisha mpaka chini ya boneti. Mpira wa fedha ndogo tu, jamani. Na sasa kila gari ikigusa maji ya bahari, siku ya pili tunafungua tundu na kuitazama oili. Ikiwa na weupe, inamwagwa yote.

samurai_mkunduchi

Yangu fupi. Suzuki Samurai, transfa haikushikana na giaboksi, iko peke yake na ina propela fupi baina yao. Inakaa juu ya mipira mitatu. Ilikuwa inagonga kila nikitia gia, nikaambiwa transfa imekwisha. Nikaagiza nyengine Dar, ikaja na boti, tukaifunga, kugonga kule kule! Mipira ilikuwa imekatika miwili. Ile transfa ya kwanza ipo stoo, nzima. Kabla ya kushusha, ingiza mtaimbo uinyanyue kidogo, uone kama inacheza kwenye mipira.

mgeni_konde

Assalamu alaykum. Mimi nashusha kesho asubuhi, Defender kama ya mtoto_wa_wete, nimeshapata nyengine ya mtumba kutoka Unguja, imefika Mkoani jana. Nimehesabu kama alivyosema fundi, imetoka 14. Kuna jengine nitizame kabla sijaanza kumwaga oili?

fundi_kwerekwe

Lipo, na ni kubwa. Usifungue tundu la kumwagia kabla hujafungua la kujazia. Naona watu wanamwaga kwanza, kisha la juu limeganda, gari iko mtupu na haina njia ya kutiwa oili. Na fanya hivyo kwenye hiyo ya mtumba, ikiwa bado iko chini na unaifikia. Likiwa gumu lipashe moto kidogo pembeni yake, ligonge taratibu, usilazimishe spana likala.

Ukishaifunga, gari iwe tambarare, oili ya gia namba 90, jaza mpaka ianze kuchuruzika kwenye tundu lenyewe. Ipime na giaboksi siku hiyo hiyo, maana kama ile sili ilikuwa mbovu giaboksi yako nayo imekaa na kiu muda mrefu.

mtoto_wa_wete

Na jeki chini ya giaboksi kwanza, ndugu yangu. Kabla ya bolti yoyote ya mikono. Tia na kipande cha mbao baina ya jeki na giaboksi. Mimi niko Wete, ukikwama wakati wa kupandisha nambie, vile vijiti vitatu bado ninavyo, nitakuletea.

mgeni_konde

Nimerudi. Tundu la juu la ile ya mtumba lilikuwa limeganda kama alivyosema fundi, tumelipasha moto mara tatu ndiyo likakubali. Ndani safi, oili iliyobaki haina weupe wala chembe. Yangu ya zamani iko chini tangu adhuhuri, jeki iko mahali pake, feni haijagusa kitu. Mtoto wa Wete, vijiti navihitaji. Nakuja kuvichukua baada ya laasiri.