Mtafiti wa vinasaba ana sitesheni kibao, ndo apewe uprofesa kwa hizo tu?

Wadau habari zenu. Jumamosi tulikuwa na kikao cha harusi hapa Moshi, vikao vya huku mnavijua, ajenda zinaisha na watu hawaondoki, sasa kijana mmoja akafungua simu akatuonyesha profaili ya mtafiti wa vinasaba anayemkubali sana, akasema huyu alitakiwa awe profesa toka zamani, oneni sitesheni (mara ngapi pepa zake za utafiti zimenukuliwa na wengine), oneni h-indeksi. Dada mmoja wa mambo ya kilimo akamuuliza, kwenye hizo pepa yeye alifanya nini hasa? Ikawa moto. Mimi niko na dada, naweka hapa tubishane.

Hiyo h-indeksi ililetwa na mwanafizikia Jorge Hirsch wa California mwaka 2005. Ukiwa na pepa 20 na kila moja imenukuliwa mara 20 au zaidi, h yako ni 20, basi. Haijali jina lako ni la kwanza au la themanini. Na kwenye vinasaba watu wanaandika kwa makundi makubwa, ile pepa ya jinomu (vinasaba vyote) ya binadamu ya 2001 kwenye jarida la Nature ina waandishi zaidi ya 200, na kila inaponukuliwa wote wanahesabiwa sawasawa, aliyeumiza kichwa na aliyepita tu.

Sisemi sitesheni ni upuuzi. Mwaka 2002 watafiti wa Finland waligundua badiliko la kinasaba linalofanya Mzungu mtu mzima aendelee kunywa maziwa bila tumbo kuchafuka, ila kipimo chao ukikileta kwa wafugaji wetu hakieleweshi kitu, wanakunywa maziwa vizuri tu na hilo badiliko la Kizungu hawana. Mpaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake, Watanzania wakiwemo, wakachukua sampuli za watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan wakaonyesha huku tuna mabadiliko yetu wenyewe, yalitokea kivyake. Pepa kama hiyo ikinukuliwa sana ni haki yake kabisa.

Ila kuna kitu kinanikaa rohoni. Miaka ya nyuma niliwahi kubeba kuliboksi (boksi la kuhifadhia sampuli kwenye baridi) kwenye mradi mmoja wa kukusanya damu upande wa Longido (sio huo wa maziwa, na mradi siutaji). Asubuhi baridi, vumbi, tumepanga vichupa juu ya meza ya kukunja, koko mmoja (bibi wa Kimasai) kakaa kwenye kigoda kakunja shuka mpaka begani, akatoa mkono vizuri tu, alafu sindano ilipotoka akashikilia ile pamba akamuuliza mkalimani, majibu yangu mnaleta lini? Tukamwambia yatakuja. Hayajaja mpaka leo. Pepa ilitoka, watu wanainukuu, kuna waliopandishwa vyeo kwayo, na yule koko kwenye hesabu yote hiyo hayupo popote. Mimi nilikuwepo pale na nilikuwa mmoja wa waliosema yatakuja.

Sasa linganisha na wale wa utafiti wa kahawa pale Lyamungu. Mkahawa unakaa kama miaka mitatu ndo uzae, kwa hiyo mtu anayechanganya mbegu atafute mche usioshikwa na magonjwa ya chulebuni wala kutu ya majani anaweza kumaliza ujana wake na pepa chache, tena zinasomwa na watu wa kahawa tu. Mama yangu Kibosho alikuwa anapiga dawa ya kopa msimu mzima, na bado unakuta buni changa zimekuwa nyeusi zimekaukia kwenye tawi. Alipopanda miche chotara ile bomba ya dawa akaitundika stoo. Hiyo inaingia wapi kwenye Google Scholar, kule sitesheni zinakohesabiwa?

Kijana wetu alikuwa na hoja moja nzito lazima nikubali, alisema tukiacha namba tutarudi kwenye kujuana, profesa atapandishwa kwa sababu ni mtu wa kwao. Kweli kabisa, hilo tunalijua. Lakini dawa yake sio kuhesabu, dawa ni kusoma. Ile tamko ya San Francisco, DORA, toka 2012 inasema hivo hivo, usimpime mtu kwa ukubwa wa jarida, pima kazi yenyewe. Mwambie mtafiti alete pepa zake tano tu, aseme kwa mdomo wake kwenye kila moja alifanya kipi, na kama alichukua damu ya watu aonyeshe alirudi lini kuwapa majibu na aliwaambia nini.

Najua humu kuna mnaokaa kwenye kamati za kupandisha watu vyeo, Arusha na hapa Moshi. Faili likiletwa mezani, pepa huwa mnazisoma? Au mnaangalia namba mnasaini?