Naomba ushauri: chesisi ya kaboni faiba kwa bagi ya rimoti

Wakuu, habari za jioni. Bagi yangu ya rimoti (kigari cha kuchezea), ya kipimo cha 1/10 cha gari halisi, chesisi yake ya plastiki, yaani bamba la chini linalobeba kila kitu, imepasuka pale mikono inayoshika magurudumu ya mbele inapofungwa. Gundi nimeshapaka mara mbili, wapi!

Nimepata bamba la kaboni faiba (tabaka za nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi) la milimita 2.5. Nimekata kipande cha majaribio kwa msumeno wa chuma huku nikimwagia maji, maana vumbi lake si la kuvuta. Kingo zilichanua nyuzi kama mkeka mkuukuu. Nikapaka supagluu, zikatulia.

Sasa, unene huo utahimili kuruka matuta, au nitafute milimita 3? Kaboni inapitisha umeme, chini ya betri niweke nini? Na mliowahi kutoboa matundu ya skrubu bila tabaka kuachana, mlitumia biti gani?