Kumiliki Cessna ndogo, hela inaenda wapi hasa?

Mruka_Mbezi: Wakuu habari za mchana. Mi nna leseni ya PPL (urubani binafsi) na kila nikitaka kuruka nakodi. Sasa kuna jamaa Arusha anauza Cessna 172 ya miaka ya 70, bei haipishani sana na Land Cruiser mpya. Ila kila mwenye ndege nikimuuliza ananiambia achana nayo bila kufafanua. Naombeni mchanganuo.

FundiNdege: Mkuu bei ya kununulia ndo nafuu kuliko vyote. Injini yake, Lycoming O-320, inakula lita 30 mpaka 35 kwa saa, na sio petroli ya sheli, ni avgas, petroli maalum ya ndege, ambayo viwanja vingi huipati, wanayo Jet A-1 tu, mafuta ya ndege za turbine kama Caravan. Dar Arusha ni masaa mawili na nusu hivi, piga hesabu kwenda na kurudi. Oil na filta kila masaa 50, magneto (zinazotoa moto wa plagi) zikaguliwe kila masaa 500, na kila mwaka ndege inafunguliwa ikaguliwe iwe imeruka au haijaruka. Overhaul ya injini, yaani kuifumua yote na kuifanya upya, kiwanda kinasema masaa 2,000 au miaka 12, kinachotangulia. Kwa hiyo omba logbook (daftari la kumbukumbu za ndege) kwanza, ukiambiwa "masaa machache" halafu overhaul ya mwisho ni 1998 ujue unanunua bodi tu.

Mruka_Mbezi: Nimekupata. Lakini mi siruki sana, si gharama zitashuka?

FundiNdege: Hapo ndo wengi wanaumia. Hizi injini camshaft, shafti inayofungua valvu, iko juu, zikikaa oil yote inashuka chini, na kwa unyevu wa Dar na chumvi ya bahari kutu inaanza mapema sana. Siku ukija kuiwasha ile kutu inasaga lifta, vile vyuma vinavyosukumwa na camshaft. Nimeshakata filta ya ndege iliyolala msimu mzima wa masika, karatasi ya ndani kupitisha sumaku ikatoka na unga wa chuma unang'aa. Hapo ni kushusha injini na kuagiza spea Marekani, bado usafiri na ushuru. Na kuiwasha chini dakika tano haisaidii, unaongeza mvuke tu ndani, inatakiwa iruke oil ichemke.

BiAnga: Sisi tuna moja kwa shea, tuko wanne. Bima na paking haziulizi kama umeruka, kwa hiyo kuzigawana ni ahueni kubwa. Kila anayeruka anaacha hela ya injini kwa saa kwenye akaunti ya pamoja. Ila andikianeni mapema, mtu akitaka kutoka shea yake inauzwaje, maana urafiki unafia hapo. Kama utakuwa peke yako na unaruka wikiendi mojamoja, kaka, endelea kukodi.

Mruka_Mbezi: Dada asante, nna wawili wa kuwashawishi. Fundi, unaweza kwenda Arusha kuikagua? Nauli na posho juu yangu.

FundiNdege: Njoo PM. Na mwambie jamaa asiiwashe mpaka nifike.