Nina boksi la santuri za Queen, mnunuzi kaniruhusu nibakize tatu tu. Nishike zipi?

Mwana wa Malindi
Assalaam alaykum wakuu. Nina boksi la santuri ndogo za Queen, lile kundi la rock la Uingereza, zile za wimbo mmoja mbele na mmoja nyuma. Kuna mzungu tumekutana Shangani, hapa Unguja, nje ya makumbusho ya Freddie Mercury, mwimbaji wao, anazitaka zote. Nikamwambia nami nazipenda, akasema basi shika tatu, zilizobaki nipe mimi. Anakuja Ijumaa. Usingizi sipati. Nazigeuza hizi santuri sijui nishike ipi niache ipi. Zimo Killer Queen, Bohemian Rhapsody, You're My Best Friend, We Are the Champions, Play the Game, Under Pressure, Radio Ga Ga, The Invisible Man na nyenginezo. Wajuzi nisaidieni, na tafadhali msitoke nje ya mada.

Fundi Spika
Albamu bora ya Queen ni A Night at the Opera, 1975. Nimemaliza.

Dada wa Chang'ombe
Hujamaliza kitu. Queen II ya 1974 ndiyo baba yao. Upande mmoja waliuita mweupe, mwingine mweusi, na huo mweusi wote katunga Freddie peke yake. Hiyo Opera yako isingezaliwa bila ule upande mweusi.

Kidevu
Nyie mtu kauliza santuri ndogo, mnamjibu albamu. Halafu mmeanza kusema albamu bora bila kuitaja Hot Space, mnaionea sana ile albamu jamani. 1982 watu walitaka magitaa, wakaletewa muziki wa kucheza, wakanuna. Mpaka leo wamenuna.

Fundi Spika
Hot Space ni ya kufutia vumbi.

Mzee wa Sindano
Mwanangu wa Malindi, wasikuchanganye hawa. Usitazame mbele, geuza nyuma. Wimbo wa mbele umo kwenye albamu, utaupata popote. Play the Game ya 1980 nyuma ina A Human Body ya Roger Taylor, mpiga ngoma wao, inamhusu Kapteni Scott aliyefia Antaktika. Haikuingia kwenye albamu ya The Game. Under Pressure nyuma ina Soul Brother, nayo Hot Space haikuipokea. Radio Ga Ga nyuma ina I Go Crazy ya Brian May, mpiga gitaa wao, wakaiacha nje ya The Works. The Invisible Man ya 1989 ina Hijack My Heart, na hapo anayeimba ni Roger mwenyewe. Shika tatu katika hizo nne. We Are the Champions nyuma yake ni We Will Rock You, wimbo mkubwa, lakini huo unausikia hata uwanja wa mpira bure.

Dada wa Chang'ombe
Mzee, You're My Best Friend unairuka? Nyuma ina '39! Mabaharia wa angani wanaondoka, kwao unapita mwaka, wakirudi nyumbani wanakuta imepita miaka mia. Na aliyeitunga, Brian May, baadaye akachukua udaktari wa falsafa wa mambo ya nyota, 2007.

Mzee wa Sindano
Naipenda kuliko unavyojua. Lakini '39 imo kwenye A Night at the Opera. Haijapotea ile.

Kwaya Kuu
Mmenikumbusha mbali. Nilikuwa na kanda ya The Works, mama akarekodi juu yake mazoezi ya kwaya ya parokia. Hakufika mwisho wa kanda. Kwa hiyo I Want to Break Free yangu ilikuwa inaanzia katikati, mara baada ya sauti ya nne kukohoa. Mpaka leo nikiisikia redioni nasubiri kikohozi.

Kidevu
😂😂 Mama alikuwa anakuokoa.

Bi Mkubwa wa Ng'ambo
Mwana wa Malindi, hizo santuri ni zako?

Mwana wa Malindi
Zipo kwetu tangu sijazaliwa. Mzee wa Sindano ahsante sana. Vipi Bohemian Rhapsody, nyuma ina I'm in Love with My Car, si ya kushika?

Mzee wa Sindano
Hiyo ina kisa. Zamani katika lile kundi kila mtu alilipwa kwa wimbo alioutunga mwenyewe. Santuri ikiuzwa, mtunzi wa nyuma anachukua sawasawa na wa mbele. Freddie kaumiza kichwa na opera nzima, Roger kaimba mapenzi yake na gari, hesabu ikija wanalipwa sawa. Unadhani wenzake walicheka? Manung'uniko ya namna hiyo yalikaa miaka, mpaka albamu ya The Miracle ya 1989 ndipo wakakubaliana kila wimbo uandikwe jina la Queen tu. Upande B, yaani huo wa nyuma, ulikuwa ni mshahara, watu wanausahau kwa sababu hawauoni.

Bi Mkubwa wa Ng'ambo
"Zipo kwetu" si jibu mwanangu. Za nani?

Mwana wa Malindi
Za familia.

Bi Mkubwa wa Ng'ambo
Familia ina majina.

Mwana wa Malindi
Haya. Ni za ami yangu. Alikuwa baharia, kila meli ikitia nanga Uingereza anashuka kununua. Alipohamia Maskati akaliacha boksi kwa baba, na baba keshatangulia mbele ya haki.

Bi Mkubwa wa Ng'ambo
Allah amrehemu. Na ami?

Mwana wa Malindi
Yuko hai. Anakuja baada ya Idi.

Kidevu
Eeeh! 🏃🏾

Fundi Spika
Kumbe ulikuwa unauliza "nibakize zipi" za mtu mwingine.

Abu Salsabil
Ndugu yangu, amana haiozi. Hata ukae nayo miaka hamsini inabaki ya mwenyewe. Na kusema kweli huo muziki nao tungeuzungumza siku nyengine, lakini tuanze na hili la amana.

Mwana wa Malindi
Mnanihukumu haraka. Ami hajaziulizia hata siku moja. Akipiga simu anauliza mikarafuu na hali ya bibi. Nyumba inavuja, mwenye kupanda juu ya paa ni mie, si yeye. Hizi santuri bila mie zingeliwa na panya zamani. Na tatu nitamwekea, ndiyo maana nimekuja kuuliza zilizo bora! Isitoshe nimeshapokea arbuni ya laki tatu, na bati zimeshafika.

Kidevu
Ami anashuka bandarini: "Boksi langu liko wapi?" Unamwonesha juu: "Lile pale ami, limepigiliwa misumari."

Abu Salsabil
Arbuni inarudishwa. Kakope.

Kwaya Kuu
Kukopa ndiyo ushauri? Mimi kaka yangu aliuza baiskeli yangu nikiwa bwenini, nikirudi akaniambia ilikuwa inazeeka. Tunaongea vizuri tu sasa hivi, ila baiskeli bado namkumbusha kila Krismasi.

Dada wa Chang'ombe
Mpigie ami simu leo. Mwambie paa linavuja na kuna mteja. Huenda akasema uza. Utakuwa umepata paa na radhi.

Mwana wa Malindi
Na akikataa? Bati nizirudishe dukani zimeshatobolewa?

Kidevu
Mzee wa Sindano mbona umenyamaza? Au unaogopa Bohemian Rhapsody yenyewe isije ikawa ile ya bluu 😂

Mwana wa Malindi
Kidevu, umejuaje?

Kidevu
Nimejuaje nini?

Mwana wa Malindi
Zote nyeusi. Hiyo moja ni ya bluu, kama wino wa kalamu. Na mzungu alisema nishike tatu zozote isipokuwa hiyo.

Mkaguzi Mkuu
Nimesoma uzi wote kimya kimya, sasa natia neno: CHAI. Tena ya maziwa na kalmati juu. Mwaka 1978 kampuni ya santuri ya EMI ilipata tuzo ya kuuza nje ya Uingereza, ikasherehekea kwa kutoa Bohemian Rhapsody ya bluu, nakala 200, kila moja na namba yake. Dunia nzima 200! Leo moja iko Malindi chini ya paa linalovuja, na mwenyewe anatuuliza ashike A Human Body au Soul Brother. Na mnunuzi gani anamwambia muuzaji wazi kabisa ni ipi anayoitaka?

Mzee wa Sindano
Mnunuzi asiye na adabu anasema hivyo hivyo. Mwanangu, kava lipo? Lina namba ya mkono? Kwenye lebo pameandikwa EMI 2375?

Mwana wa Malindi
Kava halipo, imo kwenye karatasi jeupe tu. Lebo imechubuka, nasoma EMI na 23, zilizobaki zimefutika.

Mkaguzi Mkuu
Kava halipo, lebo imefutika. Picha je?

Mwana wa Malindi
Kamera ya simu yangu ina ufa, picha inatoka ukungu.

Mkaguzi Mkuu
😂😂😂 Wakuu nimewaambia nini?

Fundi Spika
Na nilishampa moyo wangu huyu.

Bi Mkubwa wa Ng'ambo
Chai au si chai, mtu aliyetunga uongo angeanza na ya bluu. Huyu kaificha mpaka kabanwa, kama alivyomficha ami. Mwanangu, ukiwa unanisoma, Ijumaa mwambie mzungu mzigo una mwenyewe na mwenyewe anakuja. Akiwa mkweli atasubiri Idi ipite.

Mzee wa Sindano
Naunga mkono. Mtu akikukataza moja katika boksi zima, hiyo moja haiuzwi Ijumaa, iwe ya kweli au ya kufoji. Kwanza ijulikane ni nini. Zungushia kitambaa, isimame wima, usiilaze chini ya nyenzake.

Mwana wa Malindi
Ami nimempigia. Kabla sijafika kwenye paa kaniuliza, "Ile Play the Game ipo?" Nikamwambia ipo. Akakata simu, salio limemwishia. Sijui nimwambieje mengine.

Kidevu
Ami anajua muziki. Muulize na Hot Space.

Mkaguzi Mkuu
Mimi bado nasema chai. Ila mleta uzi, njoo inbox kabla ya Ijumaa, nina simu yenye kamera nzima naweza kukuazima.