Mama atachomwa sindano ndani ya goti: tuulize nini kabla?

Binti wa Fundi

Salaam wapendwa. Mama yangu ana miaka 67, ni fundi cherehani, na goti lake la kulia limemtesa kwa miaka mingi. Picha ya eksirei imeonyesha gegedu, ule utando laini unaokinga ncha za mifupa, limelika na mifupa imekaribiana. Vidonge vya maumivu vilimsaidia zamani, siku hizi vinamchoma tumbo. Sasa daktari amependekeza achomwe sindano ndani ya goti lenyewe na tumeshapewa siku.

Kila ndugu ana lake. Mjomba anasema sindano hiyo inakula mifupa. Shoga yake mama anasema yeye alichomwa akatembea kama msichana. Mama mwenyewe ananiuliza kama akishachomwa atakuwa amepona, na mimi sina jibu. Ana kisukari pia, anameza vidonge. Ni dawa gani inayowekwa mle? Inatibu au inatuliza tu? Na tuulize nini kabla hajapanda kitandani?

Bega la Kushoto

Pole kwa mama. Mimi si mtaalamu, ila nilichomwa begani bega lilipokakamaa. Nilitoka chumbani siumwi hata kidogo, usiku maumivu yakarudi kwa nguvu nikadhani dawa imenikataa. Nafuu yenyewe ilikuja siku chache baadaye. Mwambie mama asikate tamaa usiku wa kwanza. Nesi wa Viungo akipita hapa atakueleza kwa nini iko hivyo.

Nesi wa Viungo

Nimepita. Dada, nipelekee shikamoo kwa mama.

Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kwenye chumba cha sindano za viungo. Ninaandaa trei, ninasafisha ngozi, ninamshika mgonjwa mkono. Kinachoniuma ni kuona mtu anaondoka hajui alichowekewa mwilini. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: dawa inaitwaje? Iandike kwenye karatasi pamoja na kipimo chake na tarehe, maana "sindano ya goti" si dawa moja.

Mara nyingi ni steroidi, kwa mfano triamsinoloni au methiliprednisoloni, pamoja na dawa ya ganzi. Ganzi ndiyo iliyomtoa ndugu yetu wa bega akiwa haumwi, nayo huisha baada ya saa chache. Steroidi haina haraka, huchukua siku kadhaa hadi wiki kuonyesha kazi. Katikati hapo baadhi ya watu hupata maumivu makali ya siku moja au mbili kwa sababu dawa imekichokoza kiungo. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa na kulipumzisha goti kwa kawaida vinatosha.

Inatibu? Hapana. Inatuliza uvimbe wa ndani, gegedu lililolika halirudi. Nafuu hukaa wiki kadhaa, kwa wengine hata miezi 3, na wapo wasiopata chochote. Mama ajue hilo mapema ili asije akajilaumu.

Mjomba naye hajakosea kabisa. Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya utafiti wa Marekani uliofuatilia watu 140 wenye magoti yaliyolika. Nusu walichomwa triamsinoloni kila baada ya wiki 12 kwa miaka 2, nusu maji ya chumvi yasiyo na dawa. Wa steroidi walipoteza gegedu zaidi, na maumivu yao hayakupungua kuwazidi wenzao. Sindano moja wakati goti limevimba na limewaka ni jambo jingine. Ninachokataa ni mtu kuja kwa ratiba kama anabadilisha oili ya gari. Madaktari wengi hawavuki sindano 3 au 4 kwa mwaka kwenye kiungo kimoja, na ikiwa ya kwanza haikusaidia, ya pili inahitaji sababu nzuri.

Kisukari: steroidi ya gotini huingia pia kwenye damu na kupandisha sukari kwa siku kadhaa, mara nyingi hadi wiki. Asiache dawa zake. Apime mara nyingi kuliko kawaida, na kabla ya siku yenyewe mkubaliane na daktari sukari ikifika kiwango gani mpige simu. Kama hata sasa sukari yake haishikiki, ni halali kabisa kuomba sindano iahirishwe.

Hili linalofuata nawaandikia wote wanaosoma. Anayetumia dawa za virusi vya UKIMWI zenye ritonaviri au kobisistati lazima aseme kabla ya kuchomwa. Dawa hizo huuzuia mwili kuivunja triamsinoloni, ikabaki ndani kwa wingi, uso ukavimba na tezi zilizo juu ya figo zikapunguza kazi yake. Watu huficha kwa aibu. Kama hutaki kusikika, mwandikie daktari kwenye karatasi. Taja pia dawa za kuzuia damu isigande (usiziache kwa uamuzi wako), mzio wowote, na kama kuna mpango wa kubadilishiwa goti kwa upasuaji. Sindano ndani ya miezi 3 kabla ya upasuaji huo huongeza hatari ya maambukizi.

Ngozi mahali pa sindano inaweza kupauka au kubonyea kidogo, na kwa sisi wenye ngozi nyeusi huonekana zaidi. Uso unaweza kuwa wa moto kesho yake. Hayo hupita, ingawa baka huchukua muda mrefu.

Lisilopaswa kungojwa ni hili: maumivu yanayoendelea kuongezeka baada ya siku 2, goti jekundu, la moto, lililovimba, pamoja na homa au kutetemeka. Hiyo inaweza kuwa usaha ndani ya kiungo. Ni nadra, lakini ikitokea ni dharura ya siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Dada, ukisahau yote niliyoandika, shika hili. Siku za nafuu ndizo za kufanya mazoezi. Utafiti wa mwaka 2020 uliwalinganisha watu 156 wenye magoti yaliyolika, wengine wakapewa fiziotherapia, wengine sindano ya steroidi. Baada ya mwaka mmoja, wale wa fiziotherapia walikuwa na maumivu machache na walitembea vizuri zaidi. Misuli ya mbele ya paja ndiyo inayolibeba goti, na mtu mwenye maumivu huacha kuitumia, ikanyauka, goti likazidi kulemewa. Kwangu mimi sindano ina maana ikimfungulia mama njia ya kuanza mazoezi. Ombeni miadi ya fiziotherapia kabla hata ya kuchomwa.

Mzee wa Ngazi

Asante sana Nesi. Mimi nimependekezewa ile ya ute, na kuna mahali pengine wanataka kunitolea damu, waizungushe kwenye mashine, kisha wanirudishie gotini. Ni bora kuliko steroidi?

Nesi wa Viungo

Shikamoo mzee. Ute huo ni asidi ya hayaluroniki, kitu ambacho kiungo chenyewe hutengeneza ili kuteleza. Ulianza kuruhusiwa Marekani mwaka 1997. Wapo wanaousifu, lakini chama cha madaktari wa baridi yabisi cha huko, kwenye mwongozo wa 2019, hakiupendekezi kwa kawaida kwenye goti, na kwenye nyonga kinaukataa kwa nguvu. Ya damu inategemea chembe sahani zako mwenyewe, zile chembe zinazosaidia damu kuganda. Waustralia waliijaribu kwa watu 288 dhidi ya maji ya chumvi, wakatoa matokeo 2021: baada ya mwaka hapakuwa na tofauti ya maana katika maumivu wala katika gegedu. Ukiambiwa kwamba gegedu lako litaota upya, muombe huyo anayekuambia akuonyeshe ushahidi, na usilipe siku hiyo hiyo.

Binti wa Fundi

Nimemsomea mama yote. Amecheka aliposikia habari za mjomba. Ana maswali mawili: cherehani yake ni ya kukanyaga kwa miguu, atarudi lini? Na ana kidonda kidogo juu ya goti, alijikuna kikachubuka. Kina shida?

Nesi wa Viungo

Kidonda kwanza: kina shida, tena msingoje siku ya miadi. Pigeni simu leo. Sindano haipitishwi kwenye ngozi iliyochubuka wala karibu na kidonda chenye maambukizi, na wakimwambia arudi kikishakauka, mkubali bila manung'uniko. Mkifika, akionyeshe tena yeye mwenyewe, kwa sababu chini ya gauni hakionekani.

Akishachomwa, siku moja au mbili asibebe mizigo, asipige magoti, asipande ngazi bila sababu. Kutembea ndani ya nyumba kunafaa. Baada ya hapo arudi kwenye cherehani kwa vipindi vifupi, ainuke kila baada ya muda anyooshe mguu. Mwendo wa kukanyaga taratibu haulidhuru goti lililotulia, kinachoumiza ni kukaa saa nyingi goti limekunjwa pembe moja. Wateja wake wenye haraka wapewe tarehe ya wiki inayofuata.