Kocha kijana wa Mwanza: nivuke ziwa sasa au nisubiri?

Beki wa Nyamagana (Mwanza):

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu. Nilicheza beki wa kushoto hapa Mwanza hadi goti liliponilazimisha kutundika daluga, na kwa miaka minne sasa nafundisha vijana wa chini ya miaka 17, nikiwa na leseni ya ukocha ya daraja C ya CAF, shirikisho la soka la Afrika. Mwezi uliopita klabu moja ya Jinja, ambayo haimo katika Ligi Kuu ya Uganda, imeniomba niwe kocha msaidizi. Mke wangu ameridhia, lakini wazazi wa vijana wangu wanasema nikiondoka timu itasambaratika, na wenzangu niliocheza nao wanadai kwamba mchezaji ambaye hakuvuma kwao hawezi kusikilizwa ugenini. Naomba wenye uzoefu wanieleze kama kocha ajijenge kwanza nyumbani, au kuondoka mapema humsaidia.

Mzee wa Kondele (Kisumu):

Mdogo wangu, nakuandikia kutoka ng'ambo ya ziwa hilohilo. Hapa kwetu mfano ninaoutaja daima ni wa marehemu James Siang'a. Alikuwa kipa wa Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, katika fainali za Afrika za mwaka 1972 kule Kameruni, kisha akawa mkufunzi, akafundisha Gor Mahia, na alipovuka mpaka kuja kwenu akapewa Simba na hata Taifa Stars, timu yenu ya taifa. Mwaka 2003 Simba yake iliwavua ubingwa wa Afrika Zamalek wa Misri: ilishinda 1-0 Dar es Salaam, ikafungwa 1-0 Cairo, kisha ikapita kwa mikwaju ya penalti, huku Juma Kaseja akiwa langoni. Umaarufu wake wa ujanani ulikuwa huku Kenya, na sidhani kama vijana wale wa Simba, ambao wengi wao hawakuwa wamezaliwa mwaka 1972, walimsikiliza kwa sababu ya mipira aliyoidaka kabla yao. Walimsikiliza kwa kazi waliyoiona mazoezini kila siku. Kwa hiyo hoja ya wenzako kwamba hukuvuma haina uzito.

Jukwaa la Kirumba (Mwanza):

Naungana na mzee wetu, shikamoo, ila mfano wa karibu zaidi tuliuona hapahapa. Mbao FC ilipopanda Ligi Kuu msimu wa 2016/17, ilikuwa chini ya Etienne Ndayiragije, Mrundi ambaye wengi wetu tulikuwa hatumjui. Timu haikuwa na fedha wala majina makubwa. Hata hivyo iliitoa Yanga kwa bao 1-0 katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nchini, uwanjani CCM Kirumba, na siku ile nilikuwa uwanjani, nikarudi nyumbani kwa miguu kwa sababu barabara zilikuwa zimejaa watu wanaoimba. Fainali ilichezwa Dodoma, na Simba ilihitaji muda wa nyongeza kutushinda 2-1. Kutoka Mwanza Ndayiragije akaenda klabu ya KMC, kisha Azam, na mwaka 2019 akakabidhiwa Taifa Stars; tulifungwa nyumbani na Sudan 1-0, tukaenda Sudan tukashinda 2-1, tukafuzu kwa mabao ya ugenini kwenda CHAN, fainali za Afrika za wachezaji wa ligi za ndani, kwa mara ya kwanza tangu ile ya 2009. Baadaye alirudi kwao kuifundisha timu ya taifa ya Burundi. Tazama njia hiyo: alianza kujulikana ugenini, katika timu ndogo, na nyumbani wakamwita baadaye. Jinja yako inaweza kuwa kama Mwanza ilivyokuwa kwake.

Kuhusu vijana, usiwaache bila mtu. Mkabidhi msaidizi wako timu angalau miezi miwili kabla hujaondoka, ukiwa bado unakaa pembeni ukimtazama.

Mwalimu wa Kaitaba (Bukoba):

Mimi nitasema jambo moja tu ambalo wenzangu wamelipita, nalo ni leseni. Septemba 2022, Simba ilipoachana na kocha Zoran Maki, ilimchukua Juma Mgunda, mshambuliaji wa zamani wa Coastal Union aliyekuwa akiifundisha timu hiyohiyo ya Tanga, naye akaifikisha Simba hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. CAF haimruhusu kocha mkuu kukaa benchi katika mashindano yake bila leseni ya daraja A au inayolingana nayo. Mgunda alikuwa nayo siku alipohitajika. Ukienda Jinja ukakaa miaka mitatu na C yako, utarudi ukiwa msaidizi vilevile. Waombe waandike katika mkataba kwamba utaruhusiwa kuhudhuria kozi ya daraja B, na nani atailipia. Waandike pia nani atagharamia kibali cha kazi. Mimi niliwahi kwenda nje kwa ahadi ya mdomo, nikarudi baada ya miezi mitano bila mshahara wa miezi mitatu.

Beki wa Nyamagana (Mwanza):

Nawashukuru sana, hasa Mzee wa Kondele na Mwalimu. Nimewaandikia Jinja leo asubuhi kuhusu kozi na kibali, na kesho jioni nitamkabidhi msaidizi wangu mazoezi ya kwanza. Wakijibu nitarudi hapa kuwasomea masharti kabla sijatia saini.