Eneo la wazi limechorwa juu ya shamba la familia: nani abebe gharama?

Mwana wa Shamba
Ndugu zangu, habari za majukumu. Familia yetu ina shamba la ekari tano katika mji mdogo ulio kando ya barabara kuu ya Dodoma–Morogoro, ambalo marehemu babu alilifyeka kabla mji haujafika huko, na hadi leo tunalima mtama na alizeti. Urasimishaji, yaani kupanga na kupima makazi yaliyojengwa bila mpango ili yapate hati, ulipoanza tulitarajia kupata viwanja vyenye hati, lakini mchoro wa mipango miji ulipobandikwa tulikuta zaidi ya ekari moja imepakwa rangi ya kijani, yaani eneo la wazi. Majirani waliokwisha kuuza na kujenga wamemegewa kidogo tu kwa ajili ya barabara. Sipingi mji kuwa na uwanja. Kwa jua na vumbi la huku, kila mtu anajua thamani ya kivuli. Ninachouliza ni kama ni haki mzigo wote uiangukie familia ambayo haikuuza.

Mlipa Kodi
Pole sana, ndugu. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na Rais ni mdhamini wake, hilo hatubishani. Hata hivyo, Mahakama ya Rufani ilikwisha kuamua mwaka 1994, katika shauri la Akonaay, kwamba haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba. Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati, ikihesabiwa kwa bei ya soko pamoja na posho ya usumbufu. Anayetaka bustani na ainunue. Zaidi ya hayo, maeneo ya wazi mangapi yameishia kuwa fremu za maduka, na mwenyewe akibaki anatazama?

Mpangaji Mstaafu
Mlipa Kodi amesema kweli, ila ameishia njiani. Kwanza, eneo likishatangazwa kuwa la mipango miji, hadhi ya haki ya kimila huanza kubishaniwa mahakamani, kwa hiyo familia isiegemee hoja hiyo peke yake. Pili, mamlaka nyingi za miji midogo hazina fedha za fidia, na tukisubiri zinunue, hapatakuwa na uwanja hata mmoja.

Tatizo hasa ni kwamba mchoro umekuja baada ya nyumba. Mchoraji hukwepa kubomoa, maana fidia ya nyumba ni kubwa, akatafuta palipobaki patupu. Matokeo yake, aliyevumilia bila kukatakata shamba ndiye anayeadhibiwa, na aliyeuza vipande bila kuacha hata njia ya mkokoteni anapata uwanja wa bure mbele ya nyumba yake na kiwanja chake kinapanda bei. Lililo sawa ni kila mwenye kiwanja achangie, kwa ardhi au kwa fedha, ili familia hii ilipwe au ipewe viwanja mahali pengine. Andikeni pingamizi sasa, kabla mchoro haujaidhinishwa, na lisomwe katika mkutano wa hadhara. Je, kuna korongo shambani?

Jirani Mnunuzi
Kwa heshima, mzee, mimi nilinunua kiwanja kwa bei kamili na nimekwisha kuchangia upimaji. Kosa la aliyeniuzia bila kuacha nafasi silijui, na sioni kwa nini nilipe mara ya pili.

Mwana wa Shamba
Shikamoo mzee, na asante. Korongo lipo upande wa mashariki, na masika hujaa hadi kwenye alizeti.

Mpangaji Mstaafu
Marahaba, mwanangu. Basi ombeni kijani kihamishiwe huko kwanza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na hata pakibishaniwa kama korongo ni mto, nyumba hapo itasombwa tu. Sehemu itakayozidi ndiyo mdai fidia. Na wewe Jirani, usipochangia, usishangae mwenye shamba akipima viwanja hadi kwenye ukuta wako. Eneo litakalobaki lipimwe, liwekwe bikoni, yaani alama za mipaka, na liandikwe kwa jina la halmashauri, la sivyo hofu ya Mlipa Kodi kuhusu fremu itatimia.